Siku ya Tatu

Jumatano nilifika, begi langu gurudumu moja limevunjika.
Eskil alinipeleka kwa mama yake:
nyumba nyekundu, madirisha meupe, ukimya uliopigwa deki.
Bi Hjördis alinitazama viatu. Nikavivua.
Akanipa kahawa, kisha kahawa, kisha kahawa tena.

Alhamisi nilikaa nikitazama wengine wakifanya kazi.
Viazi vichanga vilisuguliwa kwa brashi,
samaki wa siki wakapangwa mezani,
wa haradali huku, wa vitunguu kule,
na mimi hakuna aliyeniomba hata kusogeza kiti.
Mvua ilipoanza, Bi Hjördis alitungua koti
kwenye msumari nyuma ya mlango,
akanivika, akanikunjia mikono mara mbili
kama anayemwandaa mtoto kwa shule.
Mfukoni nilipapasa: kipande cha penseli ya seremala,
na pipi iliyogandamana na karatasi yake.

Saa nne usiku niliwaaga, "Usiku mwema,"
nikaona haya. Jua lilikuwa juu ya misonobari
kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado hajanyanyuka.
Sisi saa zetu tunazihesabu kwa kutoka kwake na kuzama kwake.
Huku hesabu yangu ilikosa pa kushika.
Niliandika daftarini: saa sita za
nikaacha pengo.

Ijumaa.
Nyuma ya kanisa mlingoti umelala nyasini,
umevikwa majani ya mbetula tangu kitako hadi ncha,
na mataji mawili ya maua pembeni,
hereni za mtu asiyejali watasemaje.
Wapiga fidla wanne wanakaza nyuzi, wanagombana kwa upole.
Watu wanashika miti, miwili miwili,
imefungwa kamba karibu na ncha mfano wa mkasi,
kila mguu wa mkasi na mtu wake.

Mkasi mmoja ulikuwa na mguu usio na mtu.
Mzee Alvar ameshika wake, anatazama nyasi.
Wote wanatazama nyasi.
Halafu, mmoja baada ya mwingine, wanalitazama koti langu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sijui nani alimfundisha Bi Hjördis methali yetu.
Alikuja akikata uwanja, hakuniambia neno,
alinyoosha kidole tu: pale.
Nikaenda pale alipokuwa akisimama Sixten.

Msimamizi akapaza sauti, tukasukuma.
Mlingoti ukapanda kiasi cha dhiraa, ukatulia.
Watu wakafuta jasho, wakapiga soga, mtoto akalilia maji.
Tena! Kiasi cha dhiraa.
Alvar ananinong'oneza kwa lugha yake,
namjibu kwa yangu, tunaelewana: usiachie.
Bega linawaka, mbetula inanidondoshea umande shingoni,
na mzigo ule, wallahi, haukuwa wa mti peke yake.

Uliposimama, fidla zikafyatuka.
Daktari wa meno, kasisi, polisi aliye likizoni,
wote wakachuchumaa wakaruka kama vyura kuuzunguka,
wala hakuna aliyecheka kwa sababu kila mtu alikuwa chura.
Nami nikaruka. Goti la kushoto bado linanikumbusha.
Bi Hjördis hakuruka. Alikata keki ya stroberi,
kipande changu kikubwa kuliko cha Eskil.

Usiku (niuite hivyo) anga ikabaki rangi ya maziwa.
Wasichana walivuka nyua kimya kimya
wakichuma maua saba, ya kulalia chini ya mto,
waote watakayeolewa naye. Ukitamka neno, ndoto inavunjika.
Nilikuwa kizingitini nalirudisha koti msumarini
alipoingia Bi Hjördis, miaka sabini na miwili,
sketi imelowa hadi magotini, midomo ameibana,
mkononi maua. Sikuthubutu kuyahesabu.
Wala sikusema usiku mwema.
Nilimpisha apite.

Penseli niliiacha mfukoni.
Pipi, Mungu anisamehe, niliila.
Ilikuwa ya chumvi.